Hauli ya Hind

...na hauli ya nani kama si ya Mahfoudh, nani mwengine katika nyumba hii wa kufanyiwa hauli, Rahila hakusikia vibaya, masikio yake mazima, Nasriya kachomoza kichwa juu ya ukuta wa ua kama ada yake, mkono mmoja kaushika mtandio usimponyoke, kasema kwa Kiarabu chake cha mbio, ya Rahila, kesho baada ya alasiri hauli, sivyo, nije na watu wangapi, kisha kageuka kumkemea mbuzi wake aliyekuwa akila nguo za kwenye kamba, jawabu hakungoja, katoweka, na mkono wa Rahila ukaendelea kupiga mayai wenyewe kwa sababu mayai ya mkate hayaachwi njiani, ukiyaacha yanakuwa maji, na haya ni kumi tu, kaletewa na yule mama muuza samaki wa Qantab ndani ya kapu la pumba, hakuna mengine Maskati nzima ya kufanyia mchezo, basi waya unagonga bakuli, ta ta ta ta, na moyo nao unagonga vyake, hauli, loo, kwao Unguja hauli hafanyiwi mtu anayekula wali, hauli ni ya aliyelala kaburini, babu yake akifanyiwa kila mwaka, watu wakijaa mpaka barazani, wakisoma, wakila, wakirehemu, na Mahfoudh hana kaburi, Mahfoudh hajulikani alipo, kutojulikana na kufa ni mambo mawili mbalimbali, mara ngapi awaambie... Kesho ni siku ya Hind, mtoto katimiza miaka minne juzi, wamengoja Alkhamisi kwa sababu Alkhamisi watoto wa mtaa hawendi chuoni, hiyo ndiyo shughuli ya kesho na hakuna nyengine, mkate wa mayai, visheti, sharubati ya ndimu, mishumaa minne, basi, nani kamwambia Nasriya habari ya hauli?

Nani, kama si huyu. Bi Masouda kakaa kizingitini na sinia la mchele mapajani, anachambua, punje moja moja, mama yake Mahfoudh, mkwe wake Rahila, bibi wa watu mpole, sauti haipandi, na katika upole huo huo huu mwaka wa nne anaomba jambo moja, tumsomee hitima, mwanangu, tumsomee Mahfoudh, roho yake itulie, na Rahila kila mara humjibu lile lile, hitima husomewa maiti, mama, na mimi sijaletewa maiti. Kumbe bibi kachoka kuomba. Kumbe kapita kwa nyuma, kaenda ukutani na Kiarabu chake kizuri, yeye kazaliwa huku, Samail, kapelekwa Unguja akiwa mtoto wa miaka saba na karudi ajuza, lugha haijamtoka, kaongea na Nasriya kimya kimya, watu si watakuja kesho kwa ajili ya mtoto, basi wakishakula wakae wasome, shughuli moja, chungu kimoja, Rahila atasema nini mbele ya watu... "Rahila, hiliki umeshazitwanga?" Bi Masouda huyo, bila kuinua uso. "Nimeshazitwanga, mama." Tazama, hata haya hana, anauliza hiliki. "Na hiyo mishumaa, mwanangu, mimi siipendi, mambo ya Manasara hayo, mtoto apulizie moto chakula cha watu, mate yote humo humo." "Mahfoudh ndiye aliyetaka, mama." Hapo bibi huinamia mchele wake, akitajiwa Mahfoudh habishi, na ni kweli ndiye aliyetaka, kayaona kwa tajiri wake Mgoa, mwenye kile kiwanda cha chapa anachopangia herufi, siku hiyo karudi nyumbani vidole vyeusi wino hata kunawa hakunawa, kasimama katikati ya chumba, Rahila tumbo liko puani, anamsimulia keki ilivyokuwa, mishumaa ilivyopangwa, mtoto wa Mgoa alivyovimbisha mashavu, na yeye mwenyewe kavimbisha mashavu, mwanaume mzima, kapuliza taa ikazimika, wakacheka gizani, akasema wangu atafanyiwa hivi hivi kila mwaka, awe wa kike awe wa kiume, na watu waseme watakavyo.

Basi na wasome, si wanataka kusoma, na aone huyo atakayethubutu kufungua mdomo... watakaa wapi kwanza, ua huu mdogo, wanawake kwenye mkeka mkubwa hapa, wanaume itabidi barazani, juzuu zigawiwe thelathini, wasomaji hawafiki thelathini, kila mmoja achukue mbili, na asipewe kuongoza yule mzee wa msikiti wa chini anayekimbiza kama anafukuzwa, Mahfoudh hapendi msomaji wa kukimbiza, apewe yule mwenye sauti nzito, ndugu wa muuza halua, na halua itoke kwao pia, bakuli tatu, nne, kahawa Bi Masouda ataisimamia mwenyewe, udi upo, uko ndani ya kile kikasha alichotoka nacho Unguja, hajaugusa, alikuwa akiuweka kwa... na mkate huu wa mayai nao ukikatwa vipande vidogo vya pembe utatosha kupita mara moja, ta ta ta ta, mkono unauma, mabega yanauma, badili mkono, usisimame, povu ndiyo kwanza linaanza kushika, na Hind yuko pale chini, kando ya mtungi, kajipangia vikombe vya kahawa vya bibi yake kwenye kipande cha mkeka, kila kikombe mtu, anavisemesha, wewe kaa hapa, wewe usimsukume mwenzako, anaiga sauti ya Rahila vile vile, ukali ule ule, mtoto huyu, kazaliwa Jumatano na baba yake katoka Jumapili, hawajaonana, siku tatu zimewapitisha mbalimbali kama watu kwenye mlango.

Jumapili ile. Alfajiri. Rahila ndiye aliyemwamsha. Uchungu, Mahfoudh, uchungu umenishika, nenda kamwite Bi Bakhita, na Bi Bakhita mkunga anakaa Kikwajuni na wao wako Malindi, na Mahfoudh kavaa kanzu gizani, kaivaa nyuma mbele, Rahila kamcheka katikati ya maumivu, kaivua kaigeuza, katoka. Milio ilisikika mbali, wakadhani fataki, Ramadhani ilikuwa mlangoni, watoto hurusha fataki. Na kumbe haukuwa uchungu. Hilo ndilo. Ulimshika mara mbili tatu ukamwacha, jua halijapanda sawasawa yeye mzima anakunywa chai, na nje mji umegeuka, serikali imepinduliwa, milango inafungwa, mtu asimuulize mtu. Jumatano Bi Bakhita kaja mwenyewe, kapita vichochoro gani Mungu ndiye ajuaye, kamzalisha, kamfunga mtoto, kisha ndiyo kauliza, mumeo yuko wapi, kwani yeye Jumapili alinifikia, tena mapema, nikamwambia maumivu ya hivyo bado, mwambie atembee tembee uani, nitakuja jioni, akaniambia asante bibi, akarudi. Akarudi! Kutoka Kikwajuni kurudi Malindi, mwendo wa nusu saa kwa mtu anayekwenda taratibu, na mdomoni kabeba maneno hayo tu, bado, atembee tembee. Hakuna aliyemwona tena. Katafutwa hospitali, katafutwa jela, Thani mdogo wake kapanga foleni kila lango lenye askari, orodha zilisomwa, jina halimo, katika walio hai halimo na katika waliokufa halimo, wakaondoka na meli na jina halimo, na Rahila miaka minne hii hajamwambia mtu, Bi Masouda hajui, hata Mungu hamwambii kwa sauti, kwamba angestahamili kidogo, angengoja saa moja tu, uchungu ungekwisha wenyewe, Mahfoudh angekuwa kalala kitandani kwake na mlango umekomewa. Alimtuma yeye. Kwa uchungu wa uongo. Ndiyo maana hitima haisomwi, jamani, hawaoni, akiwa hai popote, gerezani, bara, kichaa asiyejua jina lake, basi Rahila kamchelewesha tu, na akiwa kafa basi Rahila kamuua.

"Ya Rahila!" Kichwa kimerudi juu ya ukuta, mtandio sasa umefungwa barabara, uso wote unacheka. Bisi zipo tayari, asema Nasriya, njugu zipo, peremende mume wake kazinunua Matrah jana, mfuko mzima, ila hajui, nani atakayemmwagia kichwani, yeye Rahila au bibi yake? Kummwagia nani? Waya unagonga. Kummwagia nani kichwani, katoka na maneno gani huyu, msiba na peremende wapi na wapi. "Nani?" akauliza Rahila kwa Kiarabu chake cha kubabaisha. "Hind! Mwenye hauli si Hind?" Na hapo Rahila kapiga ukelele, sijui umetokea wapi, Kiswahili kitupu, "Mwanangu mzima huyu! Hajafa mwanangu!", Hind kashtuka kaangusha kikombe, Nasriya macho yamemtoka, audhubillahi, nani kasema kafa, kafa nani, na Bi Masouda mchele umemmwagika nusu, kwanza haelewi, kamtazama huyu kamtazama yule, kisha ndiyo uso ukamfunguka polepole. "Hauli mwaka, mwanangu," akasema. "Hauli mwaka tu. Huku ni ya mtoto." Na Nasriya naye juu ya ukuta anaeleza kwa mikono yote miwili, mtandio umeanguka hana habari nao, mtoto akizungukiwa na mwaka wanamkalisha katikati, wanaita watoto wenzake, wanammwagia bisi na njugu na peremende utosini, zikianguka watoto wanazigombania, wanaimba, basi, hiyo ndiyo hauli, wako masikini hakufanyiwa wa kwanza, alikuwa melini, hakufanyiwa wa pili wala wa tatu, basi tumfanyie huu wa nne, kuna ubaya gani? "Hata mimi nilifanyiwa," Bi Masouda akasema, na kacheka, jambo la nadra, meno yake mawili ya mbele yakaonekana, "Samail, nilimwagiwa zabibu, moja ikaniingia sikioni, nilikuwa nimesahau kabisa, wallahi, nimekumbuka sasa hivi." Rahila naye akacheka, angefanyaje, akamwomba radhi jirani, samahani shoga, Kiarabu changu ndicho hicho, mmwagie wewe, kichwa hicho hapo, na Nasriya kacheka kaenda zake, anasikika upande wa pili anawasimulia wa kwao, na wa kwao wanacheka, Wazinjibari hawa, mtihani, na mbuzi analia.

Kucheka kukaisha. Mkono unakwenda. Bi Masouda kainama anaokota mchele uliomwagika, bibi wa watu hakusema na mtu, hakupita nyuma ya mtu, kasingiziwa bure, na Rahila kamtia makosani moyoni mwake tangu mwanzo wa bakuli hili mpaka povu hili, aibu hiyo, lakini si hiyo inayomchoma, kuna kitu chengine, kiko hapa, karibu, kama jina la mtu ambalo limekwama ulimini... halua bakuli nne. Juzuu mbili mbili. Nani kazipanga? Msomaji mwenye sauti nzito, nani kamchagua? Udi wa kwenye kikasha, udi aliouweka kwa siku Mahfoudh atakapoingia mlangoni, nani kautoa kikashani sasa hivi akautia chetezoni, Nasriya? Bi Masouda? Hakuna mtu aliyeandaa hauli ya Mahfoudh, hakuna katika mji huu wote, Nasriya kaandaa bisi, bibi kaandaa mchele, aliyeketi hapa akakadiria mkate wa mtoto utoshe vipande vya wasomaji ni yeye Rahila, na hakufikiri hata kidogo, kila kitu kilikuja chenyewe kwa mpango wake, kimekunjwa tayari kama nguo sandukuni, na mtu hapangi hivyo kwa siku moja, mtu hapangi hivyo mumewe akiwa hai moyoni. Tangu lini? Yarabi, tangu lini anajua? Tangu Bi Bakhita aliposema akarudi? Tangu melini, alipokuwa akimnyonyesha Hind na kumuelekezea mgongo kila anayetaka kumpa pole? Thani kaandika kutoka Kuwait, kamuuliza kadhi, kadhi kasema aliyepotea husubiriwa miaka minne, na Rahila kaikunja barua kaitia chini ya godoro, miaka minne iko mbali, na imepita, imepita wapi, na eda je, mwalimu wake wa chuoni kule Unguja akiwasomesha kwamba eda ya mwenye mimba huisha akijifungua, na huku wengine husema hungoja muda ulio mrefu kati ya kujifungua na miezi ya mjane, basi kwa hisabu ya kwao eda yake ni Jumapili mpaka Jumatano, siku tatu, na kwa hisabu nyengine miezi minne na kitu, na kwa zote imekwisha zamani, imekwisha na yeye hakuikaa, hakujifungia, hakulia siku moja kama mke wa mtu, mwanamke gani asiyemlilia mumewe, kamnyima Mahfoudh machozi yake kwa kumwekea nafasi ya kurudi. Na mama yake pia kamnyima. Huyu anayeokota mchele. Mwanawe wa kumzaa, na hajakaa matanga, kwa kuwa mkwe wake hataki, na bibi kaheshimu, kila mwaka anaomba ruhusa kama anaomba maji nyumba ya watu.

"Mama." Hind kasimama, kikombe kimoja mkononi, ubavuni kimemomonyoka pale kilipoanguka. "Hiki cha baba. Baba atakuja kesho?" Na jawabu liko mdomoni tayari, huulizwa hilo Rahila kila Idi, kila meli ikipiga honi bandarini, na kila mara husema inshallah, mwanangu, neno zuri halina uongo ndani yake, nani atamlaumu mtu kwa inshallah, mtoto huridhika akaenda kucheza, na kesho yake huuliza tena. Atakua hivi. Atafika kumi, atafika kumi na tano, ataolewa, na kila shughuli ataweka kikombe pembeni, na atakapokuja kujua mwenyewe, kwa watu, barazani, atahesabu inshallah zote alizopewa. Povu limepanda nusu ya bakuli. Rahila hakusimamisha mkono, aliogopa akisimamisha hatosema.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Baba hatokuja."

"Kesho kutwa?"

"Hatokuja tena, Hind. Baba amekufa."

Hind akakitazama kikombe, akakigeuza, akakitazama tena, mtoto wa miaka minne, atafahamu nini, atafahamu hapana, basi, hilo analifahamu. "Sasa hiki nimpe nani?" akauliza, na Rahila alitaka kusema mpe bibi yako, machozi yakaanza kumtoka, mengi, ya moto, yanashuka mpaka kidevuni na hana mkono wa kuyafutia, akageuza uso yasije yakaanguka ndani ya mayai. Na pale kizingitini Bi Masouda, aliyekuwa akiomba hitima ya mwanawe miaka minne mizima, aliweka sinia chini, akavuta mtandio wake mpaka usoni, akasema Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari sasa hivi.